Gari la spoti la mtumba: kiwanda kinaliita, mwenye gari hasikii

Miezi michache iliyopita mshikaji wangu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Toyota 86 ya mwaka 2012, rangi nyekundu, milango miwili, imeegeshwa kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam. Chini ya picha aliandika neno moja tu: "Ninunue?"

Tukafanya yale ambayo kila mtu hufanya. Tukaulizana bei. Tukakuza picha kuangalia kama rangi imeguswa. Tukasoma kilomita. Fundi wake akaenda kuliwasha, akasikiliza injini, akasema liko poa.

Kuna swali moja hakuna aliyeliuliza. Je, kiwanda kilishawahi kuliita gari hili lirudi likarekebishwe? Na kama kiliita, lilikwenda?

Swali hilo halimhusu mshikaji wangu peke yake. Linamhusu kila anayenunua gari lililotumika Japani, hasa hizi za spoti ambazo vijana wengi wa Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa tunazitolea macho. Na ukilichimba, unakuta mambo matatu: kasoro iliyokuwa ndani ya injini, matengenezo ambayo nayo yalizua kesi, na barua ambayo haikuvuka bahari.

Wito wa kiwanda ni nini?

Kampuni ya magari ikigundua kasoro inayoweza kuhatarisha maisha, sheria za nchi nyingi zinailazimisha itangaze, iwaite wenye magari, na irekebishe bila kuwatoza hela. Hapa nitauita wito wa kiwanda.

Kuna mambo mawili ya kushika.

La kwanza: wito unafuata gari, haumfuati mtu. Hata ukiwa mmiliki wa nne, katika nchi ambako wito umetolewa bado gari lako linahesabika.

La pili: gari kuitwa hakumaanishi kwamba ni bovu. Mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya magari yaliyoitwa ndiyo yenye kasoro kweli. Shida ni kwamba kwa nje yote yanafanana. Ndiyo maana yanaitwa yote.

Springi 16 ndani ya injini

Novemba 2018, Subaru ilitangaza wito uliogusa karibu magari 400,000 duniani. Zaidi ya 100,000 yalikuwa Japani kwenyewe. Ndani yake zilikuwemo Impreza, Forester, XV na gari la spoti linaloitwa BRZ. Iliguswa pia Toyota 86, kwa sababu 86 na BRZ ni mapacha: zinatengenezwa na Subaru kwenye kiwanda kimoja mkoani Gunma, na zinatumia injini moja. Magari yaliyolengwa zaidi ni ya miaka ya mwanzo, 2012 na 2013.

Tatizo lilikuwa kwenye springi za valvu. Injini ya 86 ina silinda nne, na kila silinda ina valvu nne. Jumla valvu 16. Kila valvu inafungwa na springi yake.

Sasa fikiria kazi ya springi hiyo. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, na 86 imetengenezwa ifike huko, kila valvu inafunguka na kufunga mara 3,500 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara 58 kwa sekunde moja.

Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya springi zilikuwa na chembe ndogo za uchafu ndani ya chuma chenyewe. Kwa macho huzioni. Lakini springi ya namna hiyo ikifanya kazi muda mrefu inaweza kupata ufa na kukatika. Ikikatika, injini inaanza kugonga, au inazimika ghafla gari likiwa kwenye mwendo.

Kuzimika ghafla Mtaa wa Samora si jambo kubwa, watakupigia honi tu. Kuzimika kwenye barabara ya Chalinze usiku, nyuma yako kuna lori la mzigo, hiyo ni habari tofauti kabisa.

Tiba nayo ikawa na maneno

Kwa magari mengi, kubadilisha springi za valvu ni kazi ya kawaida: unafungua juu ya injini, unafika. Kwa 86 na BRZ haiko hivyo.

Injini yao ni ya aina ya boksa. Silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Vichwa vya injini viko pembeni, karibu na kuta za gari. Ili uzifikie springi vizuri lazima injini yote itoke nje, kava la mbele litolewe, cheni ya taimingi ifunguliwe, kamshafti zitoke, ndipo uanze kazi. Halafu kila kitu kirudi kilipokuwa.

Kurudisha ndiko kwenye mtihani. Kava hilo halifungwi kwa gasketi ya karatasi. Linafungwa kwa silikoni ya maji, ile ambayo mafundi wetu wanaikamua kutoka kwenye tyubu. Ikiwa kidogo, oili inavuja. Ikizidi, inayobaki inajikamua kwa ndani, inakauka, na siku moja kipande kinaweza kubanduka.

Kipande hicho kinasafiri na oili mpaka kwenye chujio la pampu. Kikiziba njia, oili haifiki kwenye beringi. Injini isiyopata oili ikiwa kwenye mzunguko mkubwa haina maisha marefu. Kwa lugha ya gereji, inanoki.

Na ndivyo baadhi ya wamiliki nchini Marekani walivyolalamika: walipeleka gari zima kwa wakala, likatengenezwa bure, likarudi, na baada ya muda injini ikafa. Malalamiko yakafika vyombo vya habari, na mwaka 2019 yakafika mahakamani.

Ndiyo maana hadi leo, mtu akinunua 86 ya 2012 au 2013, hakosi mtu wa kumwambia: "Kaka, usiguse. Gari linatembea, liache." Mwingine atamwambia: "Ukiacha, unaendesha bomu."

Wote wawili wana hoja. Nitarudi kwao. Kwanza tuone kwa nini wengi wetu huku hata hatufiki kwenye ubishi huo.

Barua inaishia bandarini

Nchini Japani wito ukitoka, mwenye gari anatumiwa barua kwa anwani iliyo kwenye usajili. Anapiga simu kwa wakala, anapangiwa siku, anapeleka gari, anarudishiwa.

Gari likiuzwa kwenda nje, usajili wake wa Japani unafutwa. Hiyo ni sehemu ya utaratibu wa kusafirisha, na cheti cha kufuta usajili ni mojawapo ya karatasi zinazokuja na gari lako. Wengi tunaiangalia kwa ajili ya mwaka wa gari tu, ili tujue kodi.

Lakini usajili ukifutwa, na anwani inakatika. Kuanzia siku hiyo kiwanda hakijui gari liko Tanga au Kampala. Barua inayofuata haina mtu wa kumfikia.

Upande wa pili, gari linaposajiliwa huku, taarifa zako zinakwenda kwa mamlaka ya hapa. Haziendi Gunma. Na wakala wa kampuni aliyepo nchini kwako hana kumbukumbu ya gari hilo, kwa sababu si yeye aliyeliuza.

Kwa hiyo katikati pana shimo. Huyu anaita, yule angependa kuitika, lakini hakuna waya unaowaunganisha.

Kitu kimoja tu ndicho kinachosafiri na gari bila kubadilika: namba ya chesisi.

Namba yako si ile ya Marekani

Hapa wengi wanakosea. Unaingia mtandaoni, unatafuta namna ya kuangalia kama gari limeitwa, unakutana na tovuti ya Marekani inayotaka namba ya tarakimu na herufi 17. Unaingiza ya kwako, inakataa. Unafunga simu, unasema "basi langu liko salama."

Hapana. Haikusema liko salama. Imesema hailijui.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi: herufi na tarakimu za modeli, alama ya kistari, kisha namba ya mfululizo. Toyota 86 ya kizazi cha kwanza inaanza na ZN6. BRZ ya wakati huo inaanza na ZC6. Ukiona hivyo, dawa yako iko kwenye tovuti za Japani, siyo za Marekani.

Toyota na Subaru zote mbili zina kurasa za Kijapani ambako unaingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lina wito. Simu yako inatafsiri ukurasa yenyewe ukitumia kivinjari cha kawaida. Tafsiri itakuwa ya kuchekesha kidogo, lakini utaelewa mambo mawili unayoyahitaji: kama gari limo kwenye wito, na kama kazi imeshafanyika.

Sisi tulitumia dakika kama tano. Tulipiga picha kibati cha chesisi, tukaingiza namba. Jibu: gari limo. Kazi haijafanyika.

Kuna njia ya pili ya kusaidiana na hiyo. Katika wito mwingi wa Japani, fundi wa wakala akimaliza kazi hubandika stika ndogo yenye namba kwenye mwimo wa mlango wa dereva, karibu na pale mlango unapojifungia. Fungua mlango, angalia. Ukiikuta, ni dalili nzuri. Usipoikuta, au ukikuta imefutika, usihukumu haraka, rudi kwenye tovuti.

Na karatasi ya mnada je? Ile inakupa gredi ya bodi, hali ya ndani, na kama gari lilipata ajali. Gredi 4 haikwambii chochote kuhusu springi iliyo ndani ya injini.

Ufanye au usifanye?

Turudi kwa wale wawili wanaobishana.

Anayesema "usiguse" anaogopa kitu cha kweli. Injini ambayo haijawahi kufunguliwa, iliyofungwa kiwandani, ina thamani yake. Kuitoa na kuifungua ni hatari ndogo mpya unayoiongeza. Na magari mengi ya 2012 yameshatembea kilomita nyingi bila springi kukatika.

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba inageuza bahati kuwa ushahidi. Chuma kinachochoka hakitoi taarifa. Springi iliyovumilia jana haijakuahidi kesho. Halafu hizi si gari za kwenda sokoni na kurudi. Mtu hanunui 86 ili aishie kwenye mzunguko wa 2,500. Tena watu huzifunga turbo, huzibadilisha programu ya injini, huzipeleka mbio. Kila unapoongeza mzunguko na joto, unaiongezea mzigo ileile springi unayosema usiiguse.

Anayesema "fanya sasa hivi" naye anasahau kitu. Wito unasema nini kibadilishwe, lakini hauchagui mikono itakayobadilisha. Kwa kazi hii, fundi ndiye nusu ya tiba. Malalamiko ya Marekani hayakuwa juu ya springi mpya. Yalikuwa juu ya silikoni na usafi wa kazi.

Kwa hiyo mimi naona swali sahihi si "nifanye au nisifanye". Ni maswali mawili: ifanyike wapi, na ikaguliwe vipi?

Kama bado hujanunua na gari liko Japani, hapo ndipo una nguvu. Ingiza namba ya chesisi kabla ya kutuma hela. Ukikuta wito haujafanyiwa kazi, mwambie muuzaji alipeleke kwa wakala wa kampuni kulekule kabla halijapanda meli. Kule ni bure, vipuri vipo, na mafundi wameshaifanya kazi hiyo mara nyingi. Muuzaji anaweza kusita kwa sababu ya muda na usafiri wa kulifikisha gereji. Sita na wewe kulipa. Magari yako mengi kwenye tovuti zao.

Kama gari liko hapa tayari, nenda kwa wakala rasmi na namba ya chesisi na picha ya ukurasa wa wito. Muulize mambo matatu, na uombe majibu kwa maandishi: je, kampuni itagharamia kazi hii kwa gari lililoingizwa na mtu binafsi? Kama haitagharamia, mnaweza kuagiza springi halisi na kufanya kazi kwa hela yangu? Na kazi ikileta shida, dhamana yenu ni ya muda gani?

Kama wakala hawezi, na umeamua kumtumia fundi wa nje, usimpe anayezijua Toyota za kawaida tu. Tafuta aliyeshafungua boksa. Kina Subaru wako wengi, na wana mafundi wao. Swali la kumpima ni rahisi: "Silikoni ya kava la mbele unaipaka vipi?" Fundi anayejua atakuambia kuhusu kusafisha kabisa mabaki ya zamani, unene wa mstari, na muda wa kusubiri kabla ya kujaza oili. Asiyejua atakujibu: "Hiyo isikutie wasiwasi."

Gari likirudi, usiondoke na imani peke yake

Hii ndiyo sehemu ambayo wamiliki wa nje wamejifunza kwa maumivu, na sisi tunaweza kuichukua bure.

Kabla ya kazi, piga picha na video. Injini ikiwaka ikiwa ya baridi, sauti yake, taa za dashibodi, kilomita, sehemu zinazovuja kama zipo. Ukija kusema "halikuwa hivi," uwe na cha kuonyesha.

Kama gari limefungwa vitu visivyo vya kiwandani, turbo, egzosti, kompyuta iliyobadilishwa, sema mapema. Wakala anaweza kukutoza kazi ya kuvitoa na kuvirudisha, au akakataa kabisa. Bora ujue kabla injini haijawa mezani.

Baada ya kazi, badilisha oili na filta mapema, usingoje kilomita za kawaida za huduma. Filta ya zamani usiitupe: mwambie fundi aikate muangalie ndani kama kuna vipande vya silikoni au chuma kinachong'aa. Ukiweza, sampu ya chini ifunguliwe na chujio la pampu likaguliwe. Kwa aliyetoka kutoa injini nzima, hiyo ni kazi ndogo, na inaweza kukuokolea injini.

Wiki za mwanzo, liendeshe kwa utulivu. Ukisikia mgongo mpya unaofuata mzunguko wa injini, zima. Usijaribu kufika nyumbani. Gharama ya gari la kuvuta ni ndogo kuliko gharama ya krenki.

Na karatasi. Risiti, namba za vipuri, jina la gereji, tarehe. Siku ukiuza, gari lenye ushahidi wa kazi hii lina bei. Lisilo nao lina maswali.

Mfuko wa hewa hauna mjadala

Kuna wito mwingine ambao sitaki uuchanganye na huu wa springi, kwa sababu hapa hakuna cha "tuliache kwanza".

Ni ule wa mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikiviuzia viwanda vingi vya magari. Kilichokuwa kinalipua mfuko ujae hewa ni kemikali inayoitwa amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, inaharibika. Gari likigonga, badala ya kujaza mfuko, inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kupasua kasha lake la chuma. Vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni.

Kwa Marekani peke yake, vifo zaidi ya 25 vimethibitishwa na mamia wamejeruhiwa. Waliitwa kurudisha vilipuzi takriban milioni 67, idadi kubwa kuliko wito wowote wa magari katika historia ya nchi hiyo. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la jinai na kulipa dola bilioni 1, na Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Sasa soma vizuri: joto, unyevunyevu, na muda. Marekani ilianza na majimbo ya joto lenye unyevu kama Florida kwa sababu huko ndiko hatari iko juu zaidi. Hali ya hewa ya Florida inafanana na wapi? Jibu unalo ukitoka nje saa nane mchana pale Kariakoo, au Mombasa, au Tanga, au Unguja.

Magari ya spoti yaliyomo kwenye wito huo ni pamoja na Subaru Impreza WRX na STI za miaka ya 2000, na Mazda RX-8. Zote ziko barabarani kwetu. Na Japani yenyewe, tangu Mei 2018, ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko hatari ya Takata ambayo haijabadilishwa. Gari lisilopita ukaguzi huo, shaken kama wanavyouita, halitembei barabarani kule. Linaweza kuuzwa nje, hata hivyo.

Kwa hili ushauri ni mmoja. Angalia namba. Likiwa halijafanyiwa kazi, badilisha. Usinunue mfuko wa hewa wa kukata kwenye gari bovu, kwa sababu unaweza kuwa unanunua Takata nyingine. Na usinunue wa bei ya kutupwa usiojulikana ulikotoka: mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilionya juu ya vilipuzi feki vilivyofungwa kwenye magari yaliyowahi kupata ajali, ambavyo navyo vilikuwa vimeua.

Nani azibe lile shimo?

Hadi hapa nimekupa kazi wewe mnunuzi. Lakini si haki kazi yote iwe yako.

Angalia New Zealand. Nao, kama sisi, wanaendesha kushoto na wananunua magari mengi yaliyotumika Japani. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa amri ya lazima kwa takriban magari 50,000 yenye Takata za aina hatari zaidi, na ikazuia kuingizwa magari yenye mifuko hiyo ambayo haijabadilishwa. Hawakungoja barua kutoka Japani. Walikagua mlangoni.

Sisi nasi tuna milango. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 na inataka likaguliwe kabla ya kuingia. Tanzania haijafunga mlango kwa umri, inaongeza kodi ya uchakavu. Kenya wana sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012, sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo nayo inagusa usalama wa bidhaa.

Ila umri na wito ni vitu viwili tofauti. Gari la miaka 6 linaweza kuwa na wito ambao haujafanyiwa kazi. Gari la miaka 13 linaweza kuwa limefanyiwa kila kitu. Tukipima umri peke yake, tunapima kitu rahisi na kuacha kinachoua.

Pendekezo langu si gumu. Namba ya chesisi tayari inaingizwa kwenye mfumo kwa ajili ya kodi na usajili. Iingizwe na kwenye ukurasa wa wito wa kiwanda, na jibu lichapwe kwenye karatasi ya ukaguzi: limeitwa, halijaitwa, limetengenezwa. Hata kama serikali haitamzuia mtu kuingiza gari, basi mnunuzi ajue anachokinunua. Mimi na mshikaji wangu tuliweza kwa simu yenye bando la siku. Ofisi yenye mtandao haiwezi kushindwa.

Na ile nyekundu?

Tulimrudia mwenye yadi tukamwonyesha ukurasa. Hakukasirika. Alisema magari ya Japani yote yana mambo yake, na bei haishuki. Wakala tuliyempigia alisema springi zinaweza kuagizwa, ila kwa kuwa gari liliingizwa na mtu binafsi, gharama ni za mwenye gari.

Mshikaji alipiga hesabu: bei ya gari, springi, siku za fundi, na injini itoke nje na irudi. Akaona hawezi. Akaliacha.

Wiki mbili baadaye alipita pale, gari halipo. Limeuzwa. Nani kalinunua, kama aliuliza, kama kuna aliyemwambia, hatujui.

Juzi niliingiza tena ile namba ya chesisi, kutaka tu kujua. Jibu ni lilelile: gari limo kwenye wito, kazi haijafanyika. Liko barabarani mahali fulani, na mtu wake pengine anasoma habari kwenye simu kama wewe sasa hivi. Kama una 86 nyekundu uliyoinunua Dar siku za karibuni, fungua mlango wa dereva, soma namba, angalia.